Kambale Kumi na Mmoja

Kwetu milimani, juu ya ziwa, samaki haingii katika nyumba yenye maziwa. Sikufundishwa jambo hilo shuleni wala kanisani. Nilikua nikijua tu kwamba mtu aliyekula samaki akishika chuchu ya ng'ombe, chuchu itatoka vidonda na maziwa yatakatika. Baba yangu alijua hivyo, na baba yake pia. Wahubiri wetu walizipiga vita mila zetu nyingi, nyingine zikafa kabisa, lakini hii hawakuigusa. Labda ni kwa sababu na wao walikuwa na ng'ombe.

Mke wangu alitoka chini, ufukweni. Kwao mtoto hulishwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kabla hajaota meno. Tulikutana sokoni, mimi nimeshuka na siagi, yeye amepanda na chumvi na samaki wakavu. Nilimpenda siku ile ile, na nikasogea upande ambao upepo haukuniletea harufu ya kapu lake. Wakubwa wa pande zote mbili walinuna, lakini tulioana. Sharti langu lilikuwa moja tu: samaki asivuke kizingiti changu. Alicheka, akakubali. Nilidhani kicheko kile kilikuwa cha furaha tupu.

Kwa miaka ishirini na tisa alilishika neno lake. Akitamani samaki, alikwenda kula kwa wanawake wenzake. Akirudi alisimama kwanza kwenye jiwe la nje, kando ya mlango, palipokaa kopo la majivu na majani ya mlimau. Alisugua mikono kwa majivu, akasuuza, akasugua tena kwa majani, akasukutua kinywa, kisha akaja kwangu amenyoosha viganja. Nami nilinusa. Nikiridhika, aliingia. Nisiporidhika, nilimrudisha jiweni bila kusema neno. Naliandika jambo hili wazi, ingawa linanitia aibu, kwa sababu nikilificha hata yaliyobaki hayataeleweka. Nilikagua mikono ya mke wangu kama askari wa mpakani anavyokagua mzigo.

Vita vilipotutoa Kongo tukakimbilia Uganda, desturi tulikimbia nayo. Pale Kabazana, wanapopokelewa wakimbizi wapya kabla ya kupewa viwanja, tulilala katika jengo refu pamoja na familia nyingine nyingi. Hatukuwa na ng'ombe, hatukuwa hata na kikombe cha kuchotea maji. Siku moja mama mmoja alimpa mke wangu samaki mkavu, akala huko nje, kisha nikamwona anazunguka akitafuta majivu kwenye mafiga ya watu. Akaja, akanyoosha mikono. Nikainusa. Hatukuwa na tone la maziwa la kulinda, na bado niliinusa.

Baadaye tulipata kiwanja huku Nakivale, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Nilichunga ng'ombe wa watu mpaka nikapata mmoja wangu, jike mwenye pembe iliyopinda. Watoto wetu wawili wakakua, wakapata safari ya wakimbizi, wakapelekwa nchi ya baridi pamoja na wenzi wao. Sisi wazee faili letu la safari lilibaki pale pale ofisini. Tukawa watu wawili na ng'ombe mmoja.

Ndipo wanawake wa bondeni wakaanzisha kikundi cha mabwawa. Walichimba mabwawa tisa mfululizo chini ya chemchemi, na mke wangu akapata la nne kutoka juu. Alinieleza habari hiyo akiwa amesimama nje ya mlango, kana kwamba bwawa lenyewe lina harufu.

"Nimepata fasi ya kulima," alisema.

"Kulima nini?"

"Maji."

Sikuuliza zaidi. Mambo ya samaki hayakuzungumzwa nyumbani mwangu, na mimi nilikuwa mtu wa kushikilia neno langu hata linaponichoma. Niliona tu kwamba kila asubuhi anaamka kabla yangu kusafisha zizi, anajaza mavi ya ng'ombe kwenye gunia na kuondoka nalo kichwani. Nilifurahi moyoni. Nilijiambia, hatimaye huyu mtu wa ufukweni amempenda ng'ombe. Kumbe alikuwa akililoweka gunia kwenye kona ya bwawa, maji yageuke kijani, maana ukijani ule ndio chakula cha kwanza cha samaki. Ng'ombe wangu alilisha samaki wake mwaka mzima na mimi sikujua.

Alipougua tulianza safari za hospitali ya Ruharo, kule Mbarara. Safari ya tatu alionekana ana nafuu. Tulipotoka aliniomba nimsubiri kivulini, akaenda na jirani yetu aliyekuwa ametusindikiza, mama wa ufukweni kama yeye. Walirudi na jerikani ya njano, imejaa nusu, kifuniko kimetobolewa matundu.

"Ubebe pole-pole," aliniambia. "Isitikisike sana."

"Ni maji?"

"Maji na kitu. Hapana uliza, utakasirika bure."

Basi sikuuliza. Niliishika jerikani ile katikati ya miguu yangu kutoka Mbarara mpaka nyumbani. Kila gari liliposimama yeye aliinama, akafungua kifuniko, akaingiza mkono na kuyakoroga maji, kisha akaufuta mkono kwenye kitenge chake na kunitazama kwa jicho la pembeni. Nilidhani ni mambo ya wanawake, dawa za mizizi labda. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hofu juu yake. Lakini nitasema kweli: hata kama nisingekuwa na hofu, nisingeuliza.

Alifariki miezi mitano baadaye. Kanisa lilikuja, likaimba, likapika. Watoto walilia kwenye simu, sauti zikikatika. Kisha watu wakarudi makwao kama ilivyo kawaida, na mimi nikabaki na ukimya ambao sikuwahi kuujua, kwa sababu nilioa nikiwa kijana na kabla ya hapo nililala na ndugu zangu sita. Nilikuwa nakamua, nachemsha maziwa, nakunywa kikombe kimoja, na kinachobaki nakitazama tu. Siku nyingine niliongea na ng'ombe kwa sauti. Siku nyingine nilinyamaza tangu asubuhi mpaka jioni, na nilipomsalimu mtu njiani sauti ilitoka na kutu.

Wiki ya pili baada ya msiba, mwenyekiti wa kikundi alinijia, mama mnene mpole. Alisema bwawa la marehemu ni langu nikilitaka, ila kanuni ni ile ile kwa wote: bwawa lisilotoa samaki wa kuuza katika mavuno mawili mfululizo hupewa mwingine, kwani wanaosubiri ni wengi.

"Baba, wewe ni mutu wa ng'ombe," alisema. "Ukitaka kuacha, hakuna atakayekucheka."

Nilishuka bondeni kwa mara ya kwanza nikiwa na nia ya kuliacha. Nilikuta ukingoni kopo lake la pumba, kamba ya gunia aliyoifunga kwa fundo lake la mkono wa kushoto, na alama ya ndara zake kwenye udongo uliokauka. Nikakaa chini. Nyumbani nguo zake zilikuwa zimeshagawanywa kama desturi inavyotaka. Mahali pekee palipobaki na mkono wake ni pale. Nikamwambia mwenyekiti nalitaka.

Sasa, mtu wa ng'ombe akipewa bwawa atafanya nini? Atafanya kama zizi. Jambo la kwanza nililotaka kujua ni idadi na hali ya kundi. Niliazima wavu kwa mtu, nikauvuta asubuhi moja peke yangu, nimefunga kitambaa puani. Ngege walikuwa wazuri, wapana kama kiganja changu na zaidi, wanarukaruka kama ndama waliofunguliwa. Ngege ndilo jina la hapa Uganda la yule samaki wa magamba ambaye kila hoteli inamtaka. Lakini katikati yao kulikuwa na vitu vingine: vyeusi, vitelezi, havina magamba, vichwa bapa na masharubu marefu, kila kimoja kirefu toka kiwiko hadi kidole. Kambale. Mmoja alikuwa na mkia wa kingege kidogo ukichungulia mdomoni.

Damu ilinipanda. Mbele yangu niliona fisi ameingia zizini mwa mjane, isipokuwa mjane alikuwa mimi. Nilijiambia wameingia kutoka ziwani wakati wa mvua, maana nilisikia kambale hutambaa kwenye majani mabichi, na mke wangu mgonjwa hakuwa na nguvu ya kuwaona. Nikawatoa mmoja mmoja. Nikawapiga kwa fimbo yangu ya kuchungia. Nikarudia wavu mara tano mpaka nikahakikisha hakuna aliyebaki. Walikuwa kumi na mmoja. Sikumpa mtu awale, kwa sababu adui wa kundi haliwi. Niliwafukia chini ya mgomba. Nikaenda nyumbani nimenyooka mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilijisikia nimemfanyia mke wangu jambo la maana.

Kutoka siku ile nililichunga bwawa. Jike mwenye mayai sikumuuza, kwa sababu mtu mwenye akili hauzi mtamba. Wanunuzi wa pale pale walipokuja kutaka wale wakubwa, niliwafukuza: wakubwa ndio wazazi wa kundi. Nilingoja waongezeke, na kweli waliongezeka. Ukirusha pumba, maji yalichemka kwa midomo. Wenzangu waliponiuliza habari za bwawa, nilisema limejaa, na neno lile lilinipa utamu wa zamani, wa baba yangu aliposimama mlimani jioni akitazama migongo inarudi. Wingi ndio utajiri niliofundishwa, na sikufundishwa mwingine.

Miezi ikapita. Siku ya kuvuna, kikundi kilinisaidia kuvuta wavu, ukaja mzito mpaka tukashangilia. Kisha tukatazama. Walikuwa wengi kuliko nilivyoota, na karibu wote walikuwa na urefu wa kidole. Hata wale wazazi niliowahurumia walikuwa wamekonda, vichwa vikubwa, miili kama majani makavu.

Niliwapeleka Mbarara hivyo hivyo, kwenye hoteli ambayo, kwa maneno ya mwenyekiti, ilikuwa imeahidi kumnunulia mke wangu. Mama mwenye hoteli alifunua karai, akaokota mmoja kwa mkia, akamnyanyua kwenye mwanga.

"Ssebo, bwana wangu, hii nitauzia nani? Hii ni mwiba na macho tu."

"Wako mingi," nilimwambia.

"Mingi ya nini? Mtu anakuja hapa, nataka samaki moja inajaza sahani. Hii hata nikipanga kumi, sahani bado naonekana."

Wapishi wake walicheka. Hakunifukuza, alinipa chai na chapati, na hilo liliniumiza zaidi. Samaki wote niliishia kuwapa mfuga kuku kwa bei ya kutupa. Mavuno ya kwanza yalikuwa yamepotea. Yalibaki ya pili, kisha bwawa lingekwenda kwa mwingine, na fundo lile la kamba lingefunguliwa na mkono nisioujua.

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa bwana wa samaki, mtaalamu wa ufugaji wao. Alikuwa na ofisi ndogo mjini, ameweka mitungi ya vifaranga vya samaki mlangoni na buti za mpira chini ya meza. Kijana wa kimo kifupi, msemaji sana. Nilimweleza kila kitu kwa fahari iliyobaki: mavi ya ng'ombe, pumba, jinsi nisivyouza wazazi. Alinisikiliza huku akijikuna shingo.

"Mzee wangu, samaki yako iko nazaa tu. Chakula ni ile ile, hewa ni ile ile, midomo kila mwezi naongezeka. Nani atakua hapo? Hakuna."

"Nifanye nini?"

"Weka male. Nyinyi Wakongo munaita kambale. Ngege ikikomaa kidogo, unaingiza male ndogo, haiwezi kumeza ile kubwa, nakula tu watoto. Ngege inabaki kidogo, nanenepa. Halafu na male yenyewe unauza. Ngege nakula kijani ya juu, male nakula watoto na takataka ya chini. Ukiweka na bata juu ya maji, bata nakula konokono, mavi yake naingia majini, kijani naongezeka. Hapo ndipo pesa iko. Si kwa wingi ya samaki moja. Iko kwa midomo tofauti."

Nilisimama. Nilimwambia kwamba kwetu mtu hamwiti fisi zizini eti amsaidie kuchunga.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Ng'ombe yako nazaa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja, Mungu akipenda."

"Ngege hii nazaa karibu kila mwezi, Mungu akipenda na asipopenda. Mzee, ngege si ng'ombe."

Nilitoka nikiwa nimevimba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndiyo, lakini yule hakuwa mkuu, alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Nilirudi Nakivale nikitafuta mtu wa kumsimulia upuuzi ule, na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu, nilisimama kwenye ua wa jirani yangu, yule mama wa ufukweni. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimweleza kila kitu, nikamaliza na jibu langu la fisi, nikangoja acheke.

Hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Shemeji," alisema, "na ile kambale ya dada ilienda wapi?"

"Kambale gani?"

"Ile tulileta na jerikani. Wewe mwenyewe uliibeba. Siku ile ya kutoka Ruharo."

Nikasema sielewi, ingawa nilikuwa nimeshaelewa, nikashika mti wa ua.

Aliendelea polepole, kama mtu anayemvua mwenzake mwiba. "Dada alingojea ngege yake ikomae kwanza, njo akaleta batoto ba kambale. Kumi na mbili, na moja ilikufa mu njia. Alikuwa anajua ile kazi, kwabo walifanyaka hivyo mu mashimo ya zamani ya udongo wa matofali. Mi nikamuambia, dada, muambieko bwana. Akasema hapana, akisikia atasema nimeleta fisi. Akacheka sana. Alisema utatumia neno ile ile."

Nilimwambia niliwaua. Nilimwonyesha hata kwa mkono jinsi nilivyopiga. Mama yule alifunika mdomo kwa kitenge, akasema, "Aa, shemeji," akauokota ungo wake.

Sitapamba niliyoyahisi. Nilijichukia. Mtu alikuwa amepanga kazi yake akiwa anakufa, akaomba nimbebee mzigo nisioutaka kuujua, nikaubeba, na alipofumba macho nikaenda nikaufukia chini ya mgomba nikajisifu. Na kosa halikuanza pale bondeni na fimbo. Lilianza jiweni. Nyumba yenye mume anayenusa mikono, nani atasimama ndani yake aseme, bwana, kaa nikufundishe habari ya kambale? Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na wangu alikuja kukaa kabisa, hakuwa mgeni.

Siku tatu sikushuka bondeni. Ya nne nilichukua jerikani ya njano, ile ile, bado ina matundu kwenye kifuniko, nikarudi Mbarara. Bwana wa samaki hakunikumbusha maneno yangu; ama alisahau ama ana adabu kuliko mimi. Alinipa orodha ya kazi. Nilikwenda nikalikausha bwawa, nikawatoa wale wa urefu wa kidole walioponyoka wavu, nikabakiza wachache wenye afya. Kuwachagua kulinichukua siku nzima, maana kila niliyemtupa kwenye karai la kuku mkono wangu ulimkataa kwanza. Nilingoja wanenepe wafike upana wa kiganja. Kisha nikaenda kuchukua kambale, wadogo kama penseli. Kumi na wawili. Niliweka jerikani kati ya miguu yangu, na kila gari liliposimama niliinama, nikafungua, nikaingiza mkono na kuyakoroga maji yapate hewa. Hakuna aliyenitazama kwa jicho la pembeni.

Jirani alinipa bata wawili kwa mkopo, nimlipe kwa mayai. Maji ya bwawa yaliyochafuka nilimwagilia lengalenga, ule mchicha wa kwetu, zikaota mpaka watu wakaniuliza natumia mbolea gani. Kila asubuhi nilibeba gunia la mavi kutoka zizini, na nikagundua jambo ambalo hakuna wa kumwambia: njia ile ina mwinuko mbaya karibu na mwisho, mgongo unauma, na yeye aliipita na ugonjwa wake mwaka mzima bila kunung'unika. Nilijifunza kufunga fundo la kushoto. Sikulifungua lake, langu nililifunga pembeni.

Mavuno ya pili yalifika wakati wa kiangazi. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima, kwa kuwa siku ile ndiyo ingeamua bwawa litakuwa la nani. Mwenyekiti alikuja, na mtu wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri alikuja pia, akasimama mbali kidogo kwa heshima. Tulivuta. Wavu ulikuja mwepesi kuliko mara ya kwanza, nikamtazama yule anayesubiri. Kisha ngege wa kwanza akaruka, akaanguka kwenye majani, na mwenyekiti akasema, "Yesu!" Alikuwa anajaza mikono miwili. Wakafuata wengine, si wengi, lakini kila mmoja ni sahani. Na chini kabisa, wazito, wakijikunja, kambale. Nilijikuta nikiwanyanyua kwa mikono yangu mitupu, sina kitambaa puani.

Yule anayesubiri alinipongeza, akaondoka. Mama wa hoteli alichukua ngege wote bila kuokota hata mmoja kwa mkia, na akauliza lini nitarudi. Kambale walichukuliwa na wachoma samaki wa Mbarara, kwa kilo, na ilipojumlishwa kila kitu, mayai na mboga pia, bwawa lile dogo lilikuwa limenipa zaidi ya maziwa ya ng'ombe wangu kwa kipindi kile kile. Mtu wa milimani kuandika sentensi hiyo si jambo dogo. Mwenyekiti alisema bwawa la nne ni langu, na jina la marehemu litabaki kwenye daftari juu ya langu, kama nitapenda. Nilipenda.

Kambale mmoja nilimbakiza. Nilirudi naye nyumbani alasiri, nikasimama naye mbele ya kizingiti muda mrefu wa kijinga, kisha nikavuka. Jirani alikuwa ameniambia jinsi ya kumwondolea utelezi kwa majivu na ndimu, kumkaanga kidogo, kumchemsha na nyanya. Chumvi nilizidisha. Nilikula peke yangu kwenye sahani yake ya bati, ile yenye maua yaliyofutika, ambayo miaka yote ilikaa kwa jirani kwa sababu niliikataa ndani. Nyama ilikuwa laini, tamu, na kidogo ina ladha ya tope. Nilitaka kumuuliza kama ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Nilipomaliza nilitoka nje, miguu ikanipeleka jiweni yenyewe. Kopo la majivu lilikuwepo bado, majivu yameshikana kwa mvua. Niliinama kuyachota. Kisha nikanyoosha viganja vyangu mbele yangu, nikavinusa mwenyewe. Harufu ilikuwa kali. Nikaliacha kopo.

Jua lilikuwa linashuka na ng'ombe alikuwa ananiita. Nilichukua kigoda na chombo, nikakaa chini yake, nikashika chuchu kwa mikono ile ile, bila kunawa. Nilikamua polepole nikingoja. Alitafuna, akapunga mkia, hakusogea. Kesho yake nilizitazama chuchu moja moja, na keshokutwa, na wiki nzima. Hakuna kidonda. Maziwa yalijaa mpaka alama ile ile ya siku zote, meupe, yenye povu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.